Shajara ya mradi: kuiondoa "leseni ya kudumu" kwenye saa ya biti 32

Programu yenyewe ni ya stoo na mauzo kwa maduka ya vifaa vya ujenzi. Nimeiandika kwa lugha ya C, data inakaa kwenye hifadhidata ndogo ya SQLite, na yote inaendeshwa na Raspberry Pi moja, kompyuta ndogo inayowekwa chini ya kaunta. Muuzaji anaifungua kwa simu au kompyuta yoyote iliyo kwenye Wi-Fi ya duka. Maduka yako 31 Kanda ya Ziwa. Pi 2 ni 9, Pi 3 ni 22, zote zina mfumo wa Raspberry Pi OS wa biti 32, toleo la Buster. Leseni ni za aina mbili: ya mwaka, na ya kudumu kwa shilingi 450,000. Ninaandika kwa ajili ya yeyote mwenye mashine ndogo za namna hii ambaye amewahi kumwambia mteja "hii ukilipa mara moja basi, umemaliza".

23 Januari 2023

Saa 4:20 asubuhi nimetoa leseni ya kudumu kwa mama mmoja mwenye duka Sengerema. Faili nimelituma kwa WhatsApp, kijana wake akalipakia. Hazikupita dakika tano, simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii mashine inasema leseni yangu imekwisha."

"Hebu nisomee hapo ilivyoandikwa."

"Imekwisha tarehe 14, mwezi wa 12, mwaka 1901. Mwanangu, mwaka huo hata baba yangu hajazaliwa."

Dukani palikuwa na watu wanasubiri saruji. Ikabidi aandike mauzo kwenye daftari. Nikamtumia leseni ya mwaka mmoja kama ya muda, ikakubali hapo hapo. Kwa hiyo sahihi ya kidijitali, inayothibitisha kwamba faili limetoka kwangu, ni nzima na namba ya mashine ni sawa. Kasoro iko kwenye neno "kudumu".

Nilipoandika programu mwaka 2019, kudumu niliitafsiri kuwa siku 5,475, yaani miaka 15 ya siku 365. Faili la leseni linabeba tarehe ya kuanza na idadi ya siku, halafu Pi inajumlisha kwa sekunde (siku moja ni sekunde 86,400):

`mwisho = mwanzo + siku * 86400;`

Pi ya biti 32 inahesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa saa za UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu), na inaziweka kwenye namba ya biti 32 inayokubali chanya na hasi. Kikomo chake ni 2,147,483,647. Sekunde hiyo itafika 19 Januari 2038 saa 03:14:07 UTC, kwetu saa 12:14 asubuhi. Ukiongeza moja, namba inageuka hasi na tarehe inaangukia 13 Desemba 1901.

Sasa toa sekunde 473,040,000 za miaka yangu 15 kwenye kikomo hicho. Inabaki 1,674,443,647, na hiyo ni leo, 23 Januari 2023, saa 12:14 asubuhi na sekunde 7. Leseni ya mama nimeitoa ukiwa umepita muda wa saa nne na dakika sita baada ya mpaka. Ningeitoa jana jioni, alipolipa, ingefanya kazi na nisingejua lolote.

Watu wengi tunalitaja tatizo la 2038 kama jambo la mwaka 2038. Programu inayojumlisha muda mrefu mbele inaligonga mapema. Mwezi Mei 2006 seva za tovuti zilizotumia programu ya AOLserver zilianza kukwama kwa sababu hii hii: mipangilio yake ilikuwa na muda wa kusubiri wa sekunde bilioni moja kumaanisha "usikatike kamwe", na sekunde bilioni moja kabla ya kikomo ni 13 Mei 2006. "Kamwe" yao na "kudumu" yangu ni kosa moja.

25 Januari 2023

Suluhisho la kwanza limeshindwa, na limeshindwa vibaya kuliko kosa lenyewe.

Niliona kwamba seva yangu ya kutolea leseni ni ya biti 64, basi ijumlishe yenyewe na kuandika jibu ndani ya faili: `mwisho=2147498400`. Pi isome tu kwa `atol`, amri ya C inayogeuza maandishi kuwa namba. Nikajaribu kwenye Pi ya mezani kwangu, leseni ikakubaliwa. Nikafurahi, nikalala.

Leo asubuhi nimeingia ukurasa wa taarifa za leseni: mwisho ni 19/01/2038 saa 06:14:07. Nikatengeneza leseni ya majaribio ya miaka 40. Mwisho: 19/01/2038 saa 06:14:07. Kumbe `atol` ya biti 32 ikipewa namba isiyoienea haigeuki hasi, inaibana kwenye kikomo na kuendelea kimya. Hakuna onyo. Mteja angeishi na leseni inayokufa asubuhi ile, na kosa lisingeonekana hadi siku yenyewe. Bora ile 1901, ilipiga kelele.

Pia nimeelewa kwa nini majaribio yangu ya miaka yote hayakulikamata: nilikuwa nayafanya kwenye laptopu ya biti 64, ambako `long`, aina ya namba ambayo `atol` inarudisha, ina baiti 8 (biti 64). Tangu leo hakuna jaribio la leseni linalohesabika mpaka lipite kwenye Pi yenyewe.

28 Januari 2023

Nilitaka kuona programu inavyofanya mpaka ule ukivukwa. Kwenye Pi ya majaribio:

`sudo date -s "2038-01-20"`
`date: invalid date '2038-01-20'`

Mfumo wenyewe hauitambui siku hiyo. Nikaiweka saa ya mashine 19 Januari 2038 saa 12:05 asubuhi, nikawasha programu, nikapiga mauzo matatu ya kujaribu. Hapo nikagundua nimeharibu. Programu yangu hukumbuka muda wa mwisho iliouona, ili mteja asirudishe saa nyuma na kurefusha leseni. Niliporudisha saa 2023, ikajifunga: "Saa imerudishwa nyuma. Wasiliana na muuzaji." Na mauzo matatu ya 2038 yakabaki kwenye data. Kusafisha kumenichukua saa mbili. Tumia libfaketime, inayoidanganya programu moja bila kugusa saa ya mashine, na tumia nakala ya data, si data yenyewe.

Lakini ule ujumbe wa kujifunga umenifungua macho kwa jambo kubwa zaidi. Pi 2 na Pi 3 hazina saa yenye betri. Kuna kiprogramu, fake-hwclock, kinachoandika saa kwenye memori kadi kila baada ya saa moja na wakati wa kuzima vizuri. Umeme ukikatika ghafla, Pi inaamka na saa iliyoandikwa mwisho, ambayo inaweza kuwa nyuma kwa dakika hamsini, mpaka ipate intaneti. Programu yangu inavumilia dakika 10 tu.

Nimerudi kwenye meseji za wateja. "Umeme umerudi mashine imejifunga." "Habari, imejifunga tena." Ziko meseji kama hizo kutoka maduka 12 tofauti, za miaka mitatu, na kote nilijibu "washa data, subiri kidogo, iwashe upya". Sikujiuliza. Watu waliolipa walikuwa wanashukiwa wizi kila umeme unapokatika, na aliyewashuku ni mimi.

5 Februari 2023

Wiki nzima sijaandika msimbo, nimeandika maamuzi.

Kwanza, leseni ya kudumu haina tarehe. Si 2038, si 2099, si 9999. Uga wa `mwisho` haupo, na programu haiulizi saa hata kidogo. Mtu akilipa mara moja, haki yake haitegemei saa ya mashine kuwa sahihi. Faili jipya:

`toleo=2`
`aina=kudumu`

na lile la mwaka:

`toleo=2`
`aina=mwaka`
`mwisho=2024-02-04`

Pili, tarehe ni maandishi, si sekunde. Mwaka, mwezi, siku kwa mpangilio huo, daima tarakimu nne, mbili, mbili. Kwa mpangilio huu kulinganisha tarehe mbili ni kulinganisha maneno mawili kwa `strcmp`, na hakuna kujumlisha popote kwenye Pi.

Tatu, na hili nimelifikiria sana: leseni ikiisha, mauzo na risiti haviguswi. Kinachofungwa ni ripoti za mwezi na masasisho. Tarehe 12 Agosti 2008 VMware walitoa somo ambalo ningepaswa kulijua. Kipande cha msimbo wa leseni ya majaribio kilisahaulika ndani ya sasisho la ESX 3.5, programu yao ya kuendesha mashine pepe (kompyuta za ndani ya kompyuta), kikafika tarehe yake, na wateja waliolipa wakashindwa kuwasha mashine zao pepe. Njia ya dharura ilikuwa kurudisha saa ya seva nyuma. Kampuni kubwa yenye wahandisi wengi ilipitiwa. Mimi niko peke yangu. Kwa hiyo kosa langu la kesho, na litakuwepo, lisimzuie mtu kuuza mfuko wa saruji.

Ulinzi dhidi ya kurudisha saa nimeupunguza: unagusa leseni ya mwaka tu, uvumilivu ni siku 3, na hatua yake ni onyo.

12 Februari 2023

Sasa programu yenyewe. Maandishi yameokoa leseni, lakini mauzo, risiti na ripoti bado vinatumia `time_t`, aina ya namba ambayo C inatunzia muda, na ambayo kwenye Buster ya biti 32 ina baiti 4.

Nilisoma kwamba glibc, maktaba ya C ya mfumo huu, inaruhusu kuomba `time_t` ya biti 64 kwa `-D_TIME_BITS=64`, ikiambatana na `-D_FILE_OFFSET_BITS=64`. Nikaweka zote mbili, nikakompaili. Hakuna kosa, hakuna onyo. Nilikuwa karibu kusambaza. Kwa bahati niliongeza mstari mmoja wa kuchapisha `sizeof(time_t)`, yaani ukubwa wake kwa baiti: 4.

Uwezo huo umeanza glibc 2.34 ya mwaka 2021. Buster ina 2.28, na Bullseye, toleo linaloifuata, ina 2.31. Toleo lisiloujua linaipuuza `_TIME_BITS` kama neno lolote lingine. Usiamini kwamba kompaila ikinyamaza imekubali. Mstari huu sasa uko juu ya faili langu kuu, na programu haikompailiki bila kuupita:

`_Static_assert(sizeof(time_t) == 8, "time_t bado ni ya biti 32");`

Kwa Pi 3 njia ni nyepesi. Prosesa yake ni ya biti 64, na Raspberry Pi OS ya biti 64 imetoka rasmi Februari 2022. Memori kadi mpya, mfumo mpya, basi. Pi 2 nilizonazo ni za prosesa ya biti 32, haziwezi. Kwa hizo nimetumia musl, maktaba ya C ambayo tangu 1.2.0 ina `time_t` ya biti 64 hata kwenye biti 32. Alpine, mfumo mdogo wa Linux, imeipokea tangu 3.13, hivyo nikavuta kontena ya Alpine (mfumo mdogo uliotengwa ndani ya mfumo mkuu) ndani ya Pi ya mezani ili nikompaili programu yenye kila kitu ndani yake.

Nusu siku ikapotea hapo. Ndani ya kontena `date` ilionyesha 1970, na `apk update`, amri ya kusasisha orodha ya programu, ikagoma. Kwa kuwa nimekuwa nikipigana na tarehe mwezi mzima, nilidhani ni msimbo wangu. Hapana. musl mpya inaomba saa kwa wito mpya wa kernel (kiini cha mfumo), na libseccomp ya zamani kwenye Buster, maktaba inayochuja miito ya kontena, haiufahamu wito huo, inauzuia. Nilipoiinua libseccomp2 kutoka buster-backports, ghala la matoleo mapya kwa ajili ya Buster, tarehe ikarudi. Kama unaona 1970 ndani ya kontena kwenye Pi ya zamani, anzia hapo.

`sizeof(time_t)`: 8. Jambo moja la kukumbuka: programu iliyofungwa kila kitu ndani haidanganywi na libfaketime, kwa sababu haivuti maktaba ya nje. Kwa majaribio ya Pi 2 nimeweka chaguo la `--saa` ambalo lipo kwenye toleo la majaribio pekee.

19 Februari 2023

Seva ya leseni. Nimefungua rekodi ya mama wa Sengerema kwenye MySQL, hifadhidata ya seva: `inaisha` ni `0000-00-00 00:00:00`. Safu ya `inaisha` ni ya aina ya TIMESTAMP, nayo mwisho wake ni ule ule, 2038-01-19 03:14:07 UTC, hata kama seva ni ya biti 64. Kwa kuwa niliiwasha zamani bila ukaguzi mkali, ilimeza tarehe isiyoienea na kuandika sifuri. Nimewasha ukaguzi, na safu nimeigeuza DATETIME inayofika mwaka 9999.

Katika kugeuza nimekosea: nilikuwa nimeunganishwa kwa saa za UTC. TIMESTAMP inatunzwa kwa UTC na kugeuzwa unapoisoma, DATETIME inatunza ulichoandika. Leseni zote zikarudi nyuma kwa saa tatu. Nakala ya akiba ilikuwepo. Nimerudia baada ya `SET time_zone = '+03:00'`, ikakaa sawa.

4 Machi 2023

Usambazaji umeanza, na duka moja la Musoma limekaa bila ripoti wala mauzo tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Nililituma faili la leseni toleo la 2 kabla ya programu mpya kufika. Programu ya zamani ilitafuta idadi ya siku, haikuipata, ikaichukulia sifuri, na leseni ikaisha papo hapo. Mwenye duka hakugomba. Alisema tu, "Kijana, ungeniambia mapema ningejipanga." Nimemwongezea miezi miwili.

Utaratibu sasa: programu mpya kwanza, inayosoma matoleo yote mawili. Ikae siku mbili. Ithibitishe yenyewe kwa seva kwamba inajua toleo la 2. Ndipo seva iruhusiwe kutoa faili jipya.

22 Aprili 2023

Maduka yote 31 yamemalizika. Kila Pi imepata saa ya DS3231 yenye betri ya CR2032. Iunge kwenye pini ya 3.3V, usiiweke kwenye 5V: moduli nyingi za bei nafuu zina saketi ya kuchaji betri, na CR2032 haichajiwi. Baada ya kuiwasha, ondoa fake-hwclock, la sivyo zitagombana wakati wa kuamka.

Gharama, kwa shilingi: memori kadi 22 kwa 18,000 ni 396,000. Moduli za saa 31 kwa 9,500 ni 294,500. Betri 31 kwa 1,500 ni 46,500. Nauli pamoja na vivuko 187,000. Bando 40,000. Jumla 964,000, na hiyo ni zaidi ya leseni mbili za kudumu. Mwaka 2019 kazi hii ingekuwa ya mchana mmoja.

Sengerema nimekwenda mwenyewe kwa kivuko cha Kigongo–Busisi. Nimemwekea mama kadi mpya na leseni isiyo na tarehe, halafu nikamwomba dakika kumi. Nikaiendesha programu kwa nakala ya data yake, saa ikisomeka 20 Januari 2038, nikamwambia auze. Akaandika mifuko kumi ya saruji. Printa ikatoa risiti yenye tarehe ile. Akaisoma mara mbili, akaniuliza, "Na siku hiyo ikifika kweli, itaandika hivi hivi?" Nikamwambia ndiyo. Akaikunja akaiweka kwenye daftari lile aliloandikia mauzo ya 23 Januari.

Leseni za kudumu nilizouza kabla ya hapo, 11, nazo nimezibadilisha zote, ingawa hakuna hata moja iliyokuwa imelalamika. Ziliandikwa miaka 15, na wateja hao hawakununua miaka 15.

Yaliyobaki

Pi 2 tisa. Mbili kati yake zina kernel 4.19 ambayo haina wito mpya wa saa. musl inarudi kwenye wito wa zamani, hivyo zinafanya kazi leo ila hazitavuka 2038. Ninazibadilisha mwaka huu, moja moja, kila nikipita njia hiyo.

Saa ya mtandao ni kikomo kingine. NTP inahesabu sekunde tangu 1900 kwa biti 32 bila hasi, na hesabu hiyo inaanza upya 7 Februari 2036, karibu miaka miwili kabla ya ile nyingine. Sijaipima kwenye mashine zangu. Jaribio lake ni entri inayofuata.